Muvi Moja, Sebule Imegawanyika

Pasaka ya mwaka 2007, kule Marekani, kuna watu walilipa kiingilio cha muvi mbili, wakatazama moja, wakainuka na kwenda zao. Hawakuwa wamekasirika. Walidhani imeisha. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye skrini wakachukua mikoba yao, wakatoka, na nusu ya pili ya onyesho ikaendelea mbele ya viti vitupu.

Filamu hiyo inaitwa Grindhouse. Ilitoka Aprili 6, Ijumaa Kuu, na ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa tatu kwa sababu ndani yake zimo filamu mbili kamili: Planet Terror ya Robert Rodriguez na Death Proof ya Quentin Tarantino, na katikati yake vimechomekwa vionjo vya filamu ambazo wakati huo hazikuwa zimetengenezwa. Iligharimu zaidi ya dola milioni 50. Wikiendi ya kwanza iliambulia kama milioni 11 na nusu, na ulimwengu mzima ukiujumlisha, ikaja kugota kwenye milioni 25 hivi. Kwa lugha ya mjini, ilibuma. Lakini hadi leo ukiwakuta watu wawili walioiona, mmoja atakwambia ni bonge la muvi, mwenzake atakwambia ni uchafu mtupu, na wote wawili watakuwa wamekaza mishipa ya shingo.

Najua safu hii ni ya mapenzi na maisha yetu ya ndani, si ya uchambuzi wa sinema. Tulia, nitafika. Muvi hii iliwahi kunifanya nizime televisheni mbele ya wageni wa mume wangu, na huwezi kuelewa kwa nini kama hatujakubaliana kwanza kwamba ni muvi ya namna gani.

Miaka ya 1960 na 1970, miji mikubwa ya Marekani ilikuwa na majumba ya sinema yaliyochoka, hasa pale Mtaa wa 42 jijini New York. Unalipa tiketi moja unaona filamu mbili, wakati mwingine tatu, mchana hadi usiku wa manane. Humo ndani wamo wapenzi waliojificha, wamo wasio na pa kulala. Filamu zenyewe zilikuwa za bei poa: zinapigwa haraka, kwa hela ya mawazo, bila nyota wa maana. Na kwa kuwa hazikuwa na pesa ya kujitangaza, ziliuza kile ambacho studio kubwa zilikionea haya. Damu. Wanawake nusu uchi. Magari kugongana. Kisasi. Nakala zilikuwa chache, zinazungushwa mji hadi mji, mashine hadi mashine, zinakwaruzika, zinakatika, zinaungwa. Zikifika mji wa kumi, kipande kizima kimeshapotea njiani na hakuna anayekitafuta.

Usidhani zote zilikuwa takataka. Kwenye filamu hizo hizo ndimo Pam Grier alimopata nafasi ya kuwa steringi, Coffy mwaka 1973 na Foxy Brown mwaka 1974, mwanamke mweusi anayeshika bunduki na kulipa kisasi mwenyewe, wakati Hollywood kubwa haikuwa na habari na mtu wa aina yake. Na hata enzi hizo watu waligawanyika. Watazamaji weusi walijaza kumbi, huku viongozi wa chama cha haki cha NAACP pale Hollywood wakilalamika kwamba filamu za aina hii zinawachora weusi wote kama wauza unga na malaya. Ugomvi ulikuwepo kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Sasa Rodriguez na Tarantino ni watoto wa filamu hizo. Rodriguez ndiye yule aliyetengeneza El Mariachi, ya mwaka 1992, kwa takriban dola 7,000, na sehemu ya pesa hiyo aliipata kwa kujitolea mwili wake kwenye majaribio ya dawa. Huyo alijua bajeti ndogo ni nini. Miaka kumi na tano baadaye akapewa mamilioni ili aigize umaskini: Planet Terror aliipiga kwa kamera za dijitali, picha safi kabisa, halafu akaweka mikwaruzo na madoa kwa kompyuta. Ni sawa na tajiri anayenunua jinzi iliyochanika kwa bei ya suti. Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kununa kabla hata muvi haijaanza.

Tuje nyumbani.

Mume wangu amekulia Tandika, ndani ya vibanda umiza. Mabenchi, joto, televisheni moja na deki iliyochoka, na sauti ya Lufufu ikisimulia kwa Kiswahili mambo ambayo mwigizaji mwenyewe hakuyasema. Huko steringi hafi, adui anajulikana kwa ndevu, na mkanda ukikwama mwenye kibanda anautoa, anafuta deki kwa spiriti, anarudisha. Mkikuta mmeruka dakika kumi, hakuna wa kudai hela yake. Mnajazia wenyewe kwa kelele. Mimi nimekulia nyumba ya mwalimu, ambako muvi za ngumi zilihesabiwa kuwa za wahuni na televisheni ilizimwa baada ya taarifa ya habari. Mama yangu alituhadithia kuhusu Drive-In ya Msasani, ile iliyofunguliwa mwaka 1966 na ambayo leo mahali pake umekaa ubalozi wa Marekani, lakini alituhadithia kama mtu anayesimulia dhambi za jirani.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mvua za masika, mwaka juzi, tulikuwa watano sebuleni: mume wangu, marafiki zake wawili, mdogo wangu anayesoma chuo, na mimi. Flashi ilitoka kwa kijana anayeuza muvi pale mtaani.

Planet Terror ni mazombi, wanajeshi na usaha. Steringi wake ni mwanadada aliyeigizwa na Rose McGowan, anapoteza mguu na kupachikwa bunduki mahali pake. Ndiyo, umesoma sawa. Ikafika mahali yeye na mpenzi wake wako faragha, picha ikaanza kutetemeka, ikaungua katikati ya skrini, na maandishi yakatokea kuomba radhi kwamba kipande hakipo. Iliporudi, nyumba inawaka moto, watu wamejeruhiwa, na kila mtu anaijua siri ambayo sisi hatujaambiwa.

Wanaume watatu walianguka kwenye makochi kwa kicheko. Mdogo wangu akasema, “Shemeji, rudisha nyuma, umebonyeza nini?” Mimi nikawaza flashi imeingia virusi.

Tulipoeleweshwa kwamba ni makusudi, hatukucheka. Utani ukishaelezwa umekufa. Na hapo nikaona kwa nini watu wa Pasaka ile waliondoka. Muvi ya aina hii inamkumbuka mtu fulani, na kama hukuwahi kukutana na huyo mtu, unabaki kama mgeni kwenye arobaini ya marehemu usiyemjua, wenzio wanalia na kucheka, wewe unatazama sahani. Hakuna aliyekosea. Mume wangu alikuwa yupo Tandika, kwenye benchi, ana miaka kumi. Mimi nilikuwa sebuleni kwangu naangalia kitu kibovu.

Kwenye meza yangu zinakuja barua nyingi za wasomaji wanaolalamika kwamba hawapendi vitu sawa na wenzao. Yeye mpira, mimi tamthilia. Yeye bongofleva, mimi dansi la zamani. Siku zote nimeona ni malalamiko mepesi. Mtu anaweza kupenda mlenda na mwenzie asiuguse, ndoa ikaenda. Kinachouma ni pale mmoja anapocheka na mwenzie, kwa kitu kile kile, ana kitu kimemkaba kooni.

Death Proof ikaanza.

Nusu saa ya kwanza wasichana wanaongea. Wako Austin, jimbo la Texas, wanazunguka baa, wanasimangana kuhusu wanaume, wanavuta, wanakunywa, wanaongea tena. Rafiki mmoja wa mume wangu akaguna: “Shemeji, hii si muvi, hii ni kicheni pati.” Mimi hapo ndipo nilipokuwa nimenogewa. Nilikuwa nimeshachagua yupi kati yao ni rafiki yangu. Kwenye kona ya baa kuna mzee mmoja ana kovu usoni, Kurt Russell, anajiita Stuntman Mike. Kazi yake ilikuwa kugonga na kupindua magari kwa niaba ya waigizaji. Gari lake limefungwa mabomba ya chuma kwa ndani ili dereva asife hata likibamizwa vipi. Dereva tu. Siti ya abiria haina kinga, na msichana wa kwanza aliyempa lifti anaujua ukweli huo akiwa amechelewa.

Kisha anawafuata wale wengine barabarani usiku. Anawapita, anageuza, anazima taa, anakuja mbele kwa mbele, anawasha taa dakika ya mwisho. Tarantino hakuonyesha ile ajali mara moja. Aliirudia mara nne, kila msichana na kifo chake, mguu wa huyu, uso wa yule.

“Duh! Rudisha hapo!” akasema mmoja wa wageni. Mume wangu akacheka.

Nilisimama, nikachukua rimoti, nikazima. Nikasema chakula kimeiva, ambacho kilikuwa bado.

Wageni walipoondoka nikamweleza kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, yeye wala mama. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi mahali ambapo zamu ya jioni iliisha saa nne usiku, gari moja lilinifuata kutoka kituoni Mwenge. Lilikuwa limezima taa. Nikitembea linatembea, nikisimama linasimama. Sikuona uso. Niliingia kwenye duka la Mpemba, nikanunua maji, nikanunua njugu, nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikaendelea kununua hadi mwenye duka akaelewa. Akatoka nje na kijana wake na tochi. Gari likawasha taa na kuondoka taratibu, bila haraka hata kidogo. Ule utaratibu wake ndio niliouota kwa miezi.

Mume wangu akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, “Saa hizo ulikuwa unatoka wapi?”

“Kazini,” nikamjibu.

Akakaa kimya. Sidhani alikusudia ubaya, na sidhani alijua atauliza hivyo hadi alipojisikia akiuliza. Lakini ndilo swali lililonifanya nifunge mdomo miaka yote ile. Baada ya muda mrefu akauliza gari lilikuwa la rangi gani, kana kwamba angeweza kutoka usiku ule kwenda kulitafuta. Nyeupe, nikamwambia. Jiji zima lina magari meupe.

Kesho yake jioni ni yeye aliyesema tuimalizie, sisi wawili tu. Nikakubali, na nafurahi nilikubali. Kipande kinachofuata baada ya ajali kiko hospitali: polisi mzee anamtazama Mike kitandani, mfupa wa bega umevunjika, na anaelewa kabisa kwamba huyu mtu aliua kwa makusudi. Ila hawezi kumfanya lolote. Wasichana walikuwa wamelewa na wamevuta bangi. Mike hakuwa amegusa hata tone la pombe. Kesi imeisha. Mume wangu akasimamisha muvi hapo, akanitazama, hakusema kitu, akaiendeleza.

Miezi kumi na minne baadaye, jimbo la Tennessee, Mike anawawinda wengine. Safari hii amekosea mlango. Mmoja wao ni Zoë Bell, anayejiigiza mwenyewe. Huyu ni mwanamke wa New Zealand ambaye kazi yake halisi ni kuruka, kuanguka na kugongwa kwa niaba ya waigizaji; kwenye Kill Bill ndiye aliyefanya hatari badala ya Uma Thurman. Hapa anataka kulala juu ya boneti ya Dodge Challenger nyeupe ya mwaka 1970, kama ile ya filamu ya Vanishing Point ya mwaka 1971, gari likiwa mwendo mkali, ameshikilia mikanda miwili ya suruali iliyofungwa milangoni. Mike anatokea na kuanza kuwagonga. Unauona uso wa Zoë, na ni uso wake kweli, mwili wake kweli juu ya ile boneti. Kompyuta haijamwokoa. Kwenye filamu nzima ya mikwaruzo ya kughushi, hicho ndicho kitu ambacho hakikughushiwa, na kwangu hapo ndipo heshima kwa zile muvi za zamani ilipolipwa.

Kisha wanageuza gari na kumfukuza yeye. Nilipiga kelele. Nilisimama juu ya kochi, mtu mzima na shahada yangu. Mike analia, anaomba msamaha, anadai alikuwa anatania, na wale wanawake watatu wanamshusha na kumpa kipigo hadi picha inaganda. Muvi kwisha.

Nikageuka kumtazama mume wangu nikidhani tutagonga viganja. Alikuwa ameshika tama. “Na wale wa kwanza?” akauliza.

Ni kweli. Wale wa Austin hakuna anayewataja tena. Wanaopiga hawajui hata kwamba wenzao waliwahi kuuawa. Mwanaume aliyecheka jana ndiye leo anawadai wafu wake, na mimi niliyezima televisheni kwa ajili yao nilikuwa nimeshawasahau kwa utamu wa kipigo. Tulibishana hadi saa saba usiku. Yeye anasema mwongozaji alijifurahisha kwanza kwa kuwaua wanawake, halafu akatubembeleza kwa kisasi. Mimi nasema bila ule ubaya wa kwanza, kile kisasi kingekuwa mchezo wa watoto. Wahakiki nao waligawanyika hivyo hivyo. Wapo walioiita filamu inayowapa wanawake nguvu, wapo walioona ni mzee mwenye kovu akila na huku akikemea ulafi. Tarantino mwenyewe aliwahi kusema, mwaka 2012, kwamba katika filamu zake hii ndiyo ya mwisho kwa ubora. Mume wangu amelishika hilo kama hati ya mahakama.

Na ukiiangalia sasa huwezi kuiangalia kama mtu wa 2007. Mwaka 2017 Rose McGowan, yule yule wa mguu wa bunduki na yule yule anayekufa kwenye siti ya abiria, alimtuhumu hadharani Harvey Weinstein, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoitoa Grindhouse, kwamba alimbaka mwaka 1997. Rodriguez akaeleza baadaye kwamba alimpa nafasi ile makusudi, akijua Weinstein alikuwa amemfungia milango. Mwaka 2018 Uma Thurman naye akasimulia jinsi alivyosukumwa kuendesha gari asiloliamini wakati wa kupiga Kill Bill, likamgonga mtini na kumuumiza shingo na magoti, na Tarantino akakiri kwamba ni moja ya majuto makubwa ya maisha yake. Kwa hiyo unapoona siti isiyo na kinga, unaona mengi zaidi ya hadithi. Sisemi kwamba hilo linaifuta muvi. Wala silipiti kama sijaliona.

Vile vionjo vya uongo, kwa taarifa yako, vilizaa: Machete ikawa filamu kamili mwaka 2010, na Thanksgiving ya Eli Roth ikatoka mwaka 2023. Mdogo wangu hataki kuzisikia. Alisema aliona ya kutosha usiku ule na hajawahi kuuliza iliishaje. Wale marafiki wawili wao wanataka tuanze na Machete, eti bila kicheni pati safari hii. Nimewaambia waje Jumamosi, pilau litakuwepo, ila rimoti nitashika mimi.